Kiwanja Kitupu na Hesabu Yake



Ndugu wasomaji, mwezi huu nimeletewa barua na kijana mmoja wa Malindi. Kwa ufupi yasema hivi: marehemu baba yake alinunua kiwanja mjini miaka mingi iliyopita, akakiacha kitupu akingojea bei ipande, na mauti yakamkuta kabla ya kukiuza. Sasa warithi wataka kukiuza wao wagawane. Ndugu yake mmoja amemwambia kwamba serikali itachukua fungu lake katika bei. Ndugu mwingine amemwambia asihangaike, iko njia ya kulipunguza fungu hilo, "ni kuandika tu." Kijana auliza: ni vitu gani viwezavyo kutolewa katika hesabu kabla ya kodi kukatwa? Na hiyo kuandika tu, ni kuandika gani?

Swali hili limenikuta mahali pabaya, kwani hiyo kuandika tu mimi naijua. Niliifanya kwa mkono wangu huu huu ninaoandikia ubao wa chuoni, na gharama yake nimemaliza kuilipa juzi. Basi nitatangulia kuisimulia khabari yangu, kisha nimjibu kijana.

Sisi watu wa Mombasa tumezoea nyumba zisizo na ardhi. Mtu ana kuta zake na paa lake, amezaa na kuzika ndani yake, lakini ardhi iliyo chini ni ya mwingine, naye humlipa mwenye ardhi kila mwezi. Nadhani ni kwa sababu hiyo mtu wa hapa akipata visenti vyake hukimbilia ardhi, hata kama hana jiwe la kuweka juu yake. Kukaa juu ya nyumba isiyo na ardhi miaka hamsini kwamfanya mtu atamani ardhi isiyo na nyumba.

Mwaka 2008 dada yangu mkubwa, aliyekuwa amefiwa na mumewe, alipata fungu lake la urithi. Akaja kwangu na shilingi 600,000, akanambia, "Ndugu yangu, pesa zikikaa nyumbani zina miguu. Tutafutie kitu." Mimi nami nilikuwa na akiba ya kiasi hicho hicho, niliyoikusanya kwa miaka mingi. Tukanunua kiwanja upande wa Kisauni kwa shilingi 1,200,000, kila mmoja nusu kwa nusu. Hatukukusudia kujenga. Niya ilikuwa kukiacha mpaka bei ipande, tukiuze. Hati ikaandikwa jina langu peke yangu, kwa kuwa dada alisema yeye na mimi ni kitu kimoja, na baina yetu hatukuandikiana hata kikaratasi. Mimi ninayewasomesha watoto Suratul Baqara mwaka nenda mwaka rudi, nami najua kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani yahusu kuandikiana, sikuandikiana.

Siku ya kufanya mkataba, dalali akanivuta kando. Akanambia, "Maalim, katika mkataba tuandike laki saba. Hizo laki tano zilizobaki mpe mwenyewe mkononi." Nikamuuliza kwa nini. Akanieleza kwamba serikali hutoza ushuru wa stempu kila ardhi inapohamishwa, nao ni asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini, na asilimia 2 kwa ardhi ya nje ya miji. Kwa bei ya kweli ningelipa shilingi 48,000. Kwa bei ya laki saba ningelipa 28,000. "Umeokoa elfu ishirini, Maalim, na hakuna aliyedhulumiwa. Kila mtu hufanya hivi." Muuzaji naye alikuwa radhi. Mkadiriaji wa serikali ana haki ya kuikataa bei iliyoandikwa na kuweka ile aionayo yeye, lakini yetu haikukataliwa. Nikatia sahihi. Dada sikumwambia neno. Nilijisemea kwamba mambo ya stempu ni mambo ya mawakili.

Yafaa nieleze kwamba wakati ule hapakuwa na mtu katika baraza zetu aliyezungumza habari ya kodi ya faida. Kodi hiyo iliwekwa Kenya mwaka 1975, ikasimamishwa mwaka 1985, na tuliponunua kiwanja ilikuwa imelala miaka 23. Mimi sikuijua hata kwa jina. Iliamshwa tarehe 1 Januari 2015 kwa kiwango cha asilimia 5 ya faida, na tangu tarehe 1 Januari 2023 kiwango chake ni asilimia 15.

Miaka ikapita. Kiwanja kitupu si kitu kitulivu kama watu wanavyodhani. Kila mwaka kaunti yataka malipo yake ya ardhi. Majani hukua, watu hutupa taka, na jirani akiona hakuna mwenyewe husogea. Jirani wetu alisogea kweli, akang'oa jiwe moja la mpaka na kulisimamisha hatua kumi ndani ya kiwanja chetu, akasema ndipo lilipokuwa tangu zama za babu yake. Kesi ilitugharimu shilingi 150,000 kwa wakili na mpima ardhi, na alhamdulillahi tulishinda. Baada ya hapo tukajenga ukuta kuzunguka kiwanja chote, kwa shilingi 290,000. Katika hizo, risiti za matofali na saruji zilikuwa za 180,000. Shilingi 110,000 zilizobaki nilimlipa fundi na vibarua wake mkononi, kila jioni, nikaandika nyuma ya kalenda ya mwaka ule. Kalenda ilipokwisha mwaka, mama watoto akafunikia vitabu vya wajukuu.

Mwaka 2024 dada akahitaji kupasuliwa goti, tukakubaliana kuuza. Mnunuzi akapatikana kwa shilingi 4,500,000. Tulifurahi. Kisha wakili akanambia niende kwanza kwa mtu wa hesabu, kwa sababu kodi hii siku hizi huwajibika pale muuzaji anapopokea bei yote, au pale uhamisho unapoandikishwa, lolote litakalotangulia.

Nikaenda kwa kijana mmoja mhasibu ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu. (Alikuwa mzito wa kuhifadhi, lakini hesabu za mirathi alizishika kuliko wenzake wote. Nilipaswa kujua pale pale atakuwa nani.) Akanieleza polepole, na mimi nitawaeleza kama alivyonieleza.

Jambo la kwanza, kinachotozwa si bei bali ni faida. Twaa bei uliyouzia, uondoe gharama za kuuza: malipo ya dalali, ya wakili, ya kukadiria thamani, na ya kutangaza ikiwa ulitangaza. Kisha utoe gharama za mali yenyewe, nazo ni mafungu manne. La kwanza ni bei uliyonunulia. La pili ni gharama zilizofuatana na kule kununua, kama ushuru wa stempu na ujira wa wakili. La tatu ni zile ulizotumia kuiongezea mali thamani au kuihifadhi thamani yake, na ukuta wetu waingia hapa. La nne ni gharama za kuthibitisha au kuitetea haki yako juu ya mali hiyo, na kesi yetu na jirani yaingia hapa. Kinachobaki ndicho faida, na katika hicho asilimia 15 ni ya serikali. Wala sheria haitazami kwamba shilingi ya mwaka 2008 ilinunua mkate mkubwa kuliko shilingi ya leo. Shilingi huhesabiwa shilingi.

Nikamuuliza, "Na yale malipo ya kaunti niliyokuwa nikiyatoa kila mwaka, je, singeweza kuyapunguza katika kodi ya mshahara wangu mwaka ule ule?" Akatikisa kichwa. Sheria ya kodi ya mapato huruhusu kutoa katika mapato ya mwaka gharama zile tu zilizotumika zote, na kwa ajili hiyo peke yake, katika kuyaleta mapato hayo. Mshahara wangu waletwa na kusomesha. Kiwanja kitupu hakileti kitu mpaka siku ya kuuzwa, basi gharama zake haziwezi kujifunga katika kamba ya mshahara wala ya duka. Hata ile nafuu wanayopewa wenye mikopo ya nyumba ni kwa nyumba ambayo mtu akaa mwenyewe. Kiwanja kitupu hakimo. (Sisi habari ya riba tuna neno letu jingine juu yake, lakini si la leo.) Hata hivyo asizitupe mtu risiti zake, kwani sheria imetaja gharama za kuhifadhi thamani ya mali, na ni juu ya mwenye mali kuthibitisha kwamba yake ni ya namna hiyo.

Na jamaa zetu walioko ng'ambo wanaonunua viwanja huko wasidhani kwamba hili ni la Kenya peke yake. Huko Australia, tangu tarehe 1 Julai 2019, mtu binafsi mwenye kiwanja kisicho na jengo, asichokitumia katika biashara, hawezi kutoa katika mapato yake ya mwaka zile gharama za kukishikilia, kama riba ya mkopo na malipo ya baraza la mji. Lakini aweza kuziongeza katika gharama ya kiwanja siku atakapokiuza. Marekani nako mwenye ardhi isiyoendelezwa na isiyoleta mapato ameruhusiwa kuchagua, mwaka kwa mwaka, kuziingiza kodi za ardhi hiyo katika gharama yake badala ya kuzitoa mwaka ule. Kila nchi na taratibu zake, lakini fikra ni moja: gharama ya kitu kilicholala hulala pamoja nacho, huamka kinapouzwa. Na itaamka ikiwa imeandikwa.

Turudi kwenye hesabu yangu. Bei ya kuuzia 4,500,000. Gharama za kuuza 200,000. Zabaki 4,300,000. Upande wa pili, stempu 28,000, wakili wa kununua 32,000, kesi 150,000, ukuta 180,000 kwa risiti zilizopo. Kijana akainua kalamu akaniuliza, "Na kiwanja ulikinunua kwa kiasi gani, Maalim?"

Nikamwambia milioni moja na laki mbili.

Akaufungua mkataba. Akausoma, akanitazama, akausoma tena. Nimewahi kuwatazama watoto wengi kwa jicho lile, mtoto anapodai amehifadhi na hakuhifadhi. Sikuwa nimepata kutazamwa nalo.

Akaandika 700,000. Jumla ya gharama ikawa 1,090,000. Faida ikawa 3,210,000, na kodi 481,500. Kisha, bila ya mimi kumwomba, akaandika upande wa pili wa karatasi hesabu ambayo ingekuwa lau kama kila kitu kingeandikwa kwa haki yake: bei 1,200,000, stempu 48,000, wakili 32,000, kesi 150,000, ukuta 290,000. Jumla 1,720,000. Faida 2,580,000. Kodi 387,000. Tofauti ni shilingi 94,500. Katika hizo, 16,500 ni za kalenda iliyofunikia vitabu. Na 78,000 ni za ule uwongo wa dalali, au niseme ukweli, ni za uwongo wangu, kwa kuwa sahihi si ya dalali. Niliokoa elfu ishirini mwaka 2008 nikalipa elfu sabini na nane mwaka 2024.

Mtu aweza kusema: mbona usieleze kwamba bei ya kweli ilikuwa kubwa zaidi? Kwa ushahidi gani? Laki tano zilitoka mkononi mwangu zikaingia mkononi mwa mtu ambaye amekwisha fariki. Na lau ningekuwa na ushahidi, ungekuwa ushahidi juu yangu mwenyewe kwamba niliipunja stempu.

Mambo hayakuishia hapo. Mnunuzi wangu, naye ni kijana mwema aliyesoma kwangu, aliposikia kiasi cha kodi alinihurumia. Akaja nyumbani baada ya Isha, akasema kwa adabu, "Maalim, sheria imesamehe ardhi ambayo mtu binafsi ameihamisha kwa bei isiyozidi milioni tatu. Tuandike 2,900,000. Wewe hutalipa kodi hata senti, na mimi nitapungukiwa na stempu. Zilizobaki nitakuletea taslimu."

Nasema wazi, usiku ule nilisita. Laki nne na elfu themanini na moja na mia tano si kitu kidogo kwa mwalimu wa chuo, na nusu yake ilikuwa ya goti la dada. Kilichonizuia mwanzo si ucha-Mungu. Ni ile karatasi yenye pande mbili iliyokuwa bado mfukoni. Nikamwambia, "Mwanangu, kaa nikuonyeshe." Nikamwandikia. Ukiandika 2,900,000 badala ya 4,500,000, utaokoa stempu ya 1,600,000, nayo kwa asilimia 4 ni shilingi 64,000. Lakini siku utakayouza wewe, au watoto wako, gharama yenu itahesabiwa 2,900,000. Zile 1,600,000 ulizonipa kweli zitakuwa faida yako katika karatasi, na kwa kiwango cha leo kodi yake ni 240,000. Yaani kodi yangu haikufutika, nimeitoa begani mwangu nikakutika wewe, na wewe umenishukuru. Na ikiwa mauzo yataharibika kesho, kwa hati kuwa na ila au kwa jambo jingine, ukaenda mahakamani kudai pesa zako, utadai zipi? Zilizoandikwa.

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Hata sikufikiri kwamba nami siku moja nitauza." Ndivyo nilivyokuwa mimi mwaka 2008. Anunuaye hujiona mnunuzi tu. Tuliandika 4,500,000, na kodi nikailipa.

Kuna tabia nyingine iliyo kinyume cha hiyo, nayo ni kununua risiti za uwongo za ukuta usiojengwa ili kuzidisha gharama. Sitaizungumza sana. Mwenye kuifanya anajua anafanya nini, wala hawezi kusema kama nilivyosema mimi kwamba alidhani ni mambo ya mawakili.

Sasa niseme la dada. Baada ya kulipa nilikaa naye kugawana, nikamwekea karatasi zote mbele yake. Mjukuu wake, msichana wa shule ya sekondari, akawa anamsomea mstari kwa mstari. Walipofika penye bei ya kununulia, dada akamwambia arudie. Msichana akarudia: laki saba. Dada akanigeukia.

"Ndugu yangu, mimi peke yangu nilitoa laki sita. Kwani wewe ulitoa laki moja?"

Wasomaji, fikirini jambo hilo. Kwa ile karatasi niliyoitia sahihi, dada yangu alikuwa na mafungu sita katika saba ya kiwanja, na mimi nilikuwa na moja. Lau ningekufa kabla ya siku ile, wanangu wangedai nusu kwa maneno ya baba yao, naye angekuwa na haki ya kuwaonyesha mkataba. Na lau angetangulia kufa yeye, hati ilikuwa jina langu, na watoto wake wasingekuwa na hata kikaratasi cha kuonyesha kwamba mama yao alitoa senti. Uwongo mmoja ule ulikuwa umewawekea mtego watoto wa pande zote mbili, na mimi nilikuwa nimelala juu yake miaka 16 nikidhani nimeokoa elfu ishirini.

Nikamweleza yote. Hakukasirika, labda ingekuwa nyepesi kama angekasirika. Aliuliza swali moja tu, "Na mbona hukuniuliza?" Zile 78,000 nikazihesabu ni deni langu peke yangu, kwa kuwa yeye hakushiriki katika lile lililozileta, na nusu yake, shilingi 39,000, nikamrudishia kidogo kidogo kutoka katika fungu langu la kila mwezi, baada ya fungu kubwa la mauzo kwisha kwenda nilikokuwa nimeahidi. Za kalenda alinisamehe. Alisema kila nyumba ina kalenda yake.

Wako watakaouliza, kama alivyouliza mwenzangu mmoja msikitini: ikiwa serikali imekwisha chukua asilimia 15, je, hiyo si zaka? La, si zaka, na hesabu zake hazifanani. Kodi hutazama faida, na hutozwa mara moja, mali inapouzwa. Zaka ya mali ya biashara hutazama thamani yote, wala bei uliyonunulia haitolewi. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, ardhi iliyonunuliwa kwa niya ya kuuzwa huingia katika mali ya biashara, hukadiriwa kila mwaka unapotimia kwa bei ya soko ya siku hiyo, na hutolewa asilimia mbili na nusu ikiwa imefika nisabu. Wanazuoni wa Malik wana kauli kwamba mwenye kuiweka mali akingojea bei ipande hutoa zaka ya mwaka mmoja anapouza. Ardhi uliyoinunua ujenge nyumba ya kukaa haimo katika hilo, na ardhi uliyoirithi haiwi mali ya biashara kwa kuwa tu umekusudia kuiuza. Mwenye shaka juu ya niya yake ya siku ya kununua na amwendee mwanachuoni wake, asiniandikie mimi. Niya haipelekwi kwa posta.

Sasa jawabu ya kijana wa Malindi. Kwanza, nakupa pole kwa msiba. Pili, kabla ya kuhesabu gharama yoyote, tazameni tarehe aliyofariki baba yenu. Sheria ya Kenya imesamehe kodi hii kwa mali inayouzwa au kuhamishwa katika kugawa mirathi ya maiti, ikiwa uhamisho umekamilika katika muda wa miaka miwili tangu kufa kwake, au katika muda ulioongezwa na Kamishna wa kodi kwa maandishi. Ikiwa kuna kesi mahakamani juu ya mirathi hiyo, miaka miwili huhesabiwa tangu kesi kwisha. Twawajua watu wangapi ambao wamekaa miaka minane bila ya kugawa, kila mmoja akimngoja mwenziwe aseme? Wengine wanaona haya kuizungumza mali kabla ya mwaka wa msiba kupita. Haya hiyo inaeleweka, lakini ina bei yake, nayo ni asilimia 15.

Na ikiwa muda umekwisha kupita, basi ndipo mtafute gharama. Pekueni sanduku la marehemu: mkataba wa kununua, risiti ya stempu, barua za wakili, karatasi za mpima ardhi, risiti za ukuta ikiwa alijenga, hukumu ya kesi ikiwa iliwahi kuwako. Sheria yataka mtu ahifadhi karatasi zake za kodi kwa miaka 5, lakini mwenye ardhi asiishike hesabu hiyo. Karatasi ya kiwanja na iishi muda wa kiwanja. Msipoikuta karatasi ya bei, nendeni kwenye afisi ya ardhi mkatazame uhamisho uliandikishwa kwa kiasi gani, na mkikuta kiasi kidogo kuliko kile alichokuwa akiwatajieni baba yenu, mtakuwa mmekwisha kujua jawabu la swali lako la pili.

Ndugu yako aliyesema "ni kuandika tu" msomee khabari yangu yote, usimsomee nusu. Kisha nendeni pamoja kwa Kadhi mkatoe uthibitisho wa warithi, wote kwa pamoja na mama yenu awemo, na mpeleke karatasi kwa wakili mapema. Hukunitajia tarehe ya kufa kwa baba. Ikiwa muda umebaki miezi michache tu, andikeni barua ya kuomba nyongeza kabla haujakwisha, na nakala yake mwekeni mama.